Godoro la upepo linalolegea usiku: kutafuta tundu na kuweka kiraka kisichobanduka

Swali: Tuna godoro la upepo la watu wawili, la plastiki, upande wa juu lina mahameli. Tunalitumia tukienda kupiga kambi Naivasha. Tukilijaza saa mbili usiku linakuwa gumu vizuri, ila ikifika saa kumi alfajiri mgongo unagusa chini. Nimelikagua kwa macho na kwa sikio, sioni tundu. Fundi baiskeli aliweka kiraka juu, mahali palipokuwa na mkwaruzo, kikabanduka baada ya siku mbili. Linaweza kupona, au ninunue lingine?

Jibu: Kwa dalili ulizoeleza, kuna uwezekano mkubwa litapona. Kiraka kile kilikuwa na kasoro mbili. Kiliwekwa mahali ambapo hakuna aliyethibitisha kwamba panavuja, na kilibandikwa kwa soluisheni ya baiskeli, ambayo haishiki kwenye plastiki ya aina hii. Hayo yote mawili yanarekebishika. Lakini kwanza hakikisha kwamba tundu lipo kweli, kwa sababu magodoro mengi hulegea usiku bila kuvuja hata kidogo.

Hewa ikipoa hunywea. Tuseme umejaza godoro jioni kukiwa na nyuzi joto 28, na alfajiri ndani ya hema zikabaki 13. Hewa iliyomo hupungua ujazo kwa takriban asilimia 5. Godoro la watu wawili lenye urefu wa sentimita 190, upana 137 na kimo 22 hubeba lita 450 hadi 500, kwa hiyo hapo umeshapoteza zaidi ya lita 20, yaani ndoo nzima, bila tundu lolote. Upepo wa godoro haujasukumwa kwa nguvu kubwa kama wa tairi, ndiyo maana upungufu huo mdogo mgongo unausikia mara moja. Ukitumia pampu inayotoa hewa ya moto, au ukajaza godoro likiwa juani, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Jambo la pili ni kwamba plastiki ya PVC ikiwa mpya, au ikiwa imekaa imekunjwa miezi mingi, hunyooka na kutanuka katika siku mbili tatu za kwanza. Hilo nalo linafanana na kuvuja.

Kwa hiyo lipime nyumbani. Tandika mkeka au blanketi sakafuni, maana saruji baridi nayo hupoza hewa iliyo ndani. Jaza godoro, liache saa moja, kisha ongeza upepo uliopungua na ufunge. Asilale mtu. Kesho yake saa ile ile, chumba kikiwa na joto lile lile, ongeza tena upepo mpaka ugumu urudi ulipokuwa, na uhesabu umekanyaga pampu mara ngapi. Kama kila mkanyago unaingiza lita 2 na umekanyaga mara 15, zimepotea kama lita 30. Rudia siku ya pili. Idadi ikishuka sana, kwa mfano kutoka 15 hadi 4, ni plastiki iliyokuwa inatanuka, na hakuna cha kuziba. Idadi ikibaki pale pale au ikipanda, panavuja. Wenye pampu ya umeme wahesabu sekunde. Kipimo hicho si sahihi sana, ila kinatosha kulinganisha siku na siku.

Sasa angalia hesabu hii, kwa sababu inabadilisha namna ya kutafuta. Godoro linalopoteza lita 40 kwa saa nane linatoa mililita 80 na kitu kila dakika, zaidi ya kikombe kidogo cha kahawa. Hata linalopoteza lita 10 tu kwa usiku mzima linatoa hewa ya ukubwa wa punje ya njegere kila sekunde. Sikio halisikii hewa hiyo na jicho halioni tundu lake, lakini sabuni haiwezi kuikosa. Ukipaka sabuni mahali, ukasubiri dakika mbili, na viputo visitokee, hapo pazima, nenda mbele. Wanaoshindwa kupata tundu mara nyingi ni wale wanaopaka huku wanatembea, godoro likiwa limejazwa nusu na hakuna mtu juu yake. Uzito wa mtu huongeza msukumo wa hewa ndani. Jaza godoro liwe gumu, kisha mtu mmoja akae au apige magoti upande ambao hukagui.

Anza na mdomo wa kujazia upepo, hata kama una hakika tundu liko kwingine. Hapo ndipo panapochakaa mapema, na ndipo penye matengenezo ya bei ndogo. Midomo mingi ya magodoro makubwa ina sehemu mbili: kifuniko cha nje na, ndani yake, kilimi cha mpira kinachoruhusu hewa iingie na kuizuia isitoke. Chembe moja ya mchanga chini ya kilimi inatosha kukukosesha usingizi. Funga kifuniko, kisha funika mdomo wote kwa plastiki nyembamba ya kufungia chakula na uizungushie tepu kingoni ili hewa isipite pembeni. Iache ikiwa imelegea kidogo katikati. Baada ya nusu saa, plastiki ikiwa imevimba kama kitumbua, umeshampata mwizi. Njia hii inafaa zaidi kwa godoro lenye pampu ya umeme ndani yake, kwa sababu pale hutakiwi kupulizia maji hata kidogo. Chomoa waya ukutani kwanza, halafu funika uso wote wa pampu.

Mdomo ukiwa ndio unaovuja, usikimbilie gundi. Fungua, osha kilimi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pitisha pamba ya masikio kuzunguka ukingo kinapokalia, kisha kikaushe. Kilimi kikiwa kimejikunja, kilaze sawa kwa kidole na ukiache hivyo usiku kucha. Angalia nyuzi za kifuniko, yaani ile mistari ya mzunguko inayokikaza: zikifungwa kombo mara nyingi hulika na hazikazi tena. Hapo kata kipande cha mviringo kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, kienee ndani ya kifuniko, na kifuniko kitabana kwenye mpira huo. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko mitatu kwenye nyuzi, husaidia pia. Mafuta ya kupikia na mafuta ya kujipaka usiyatie hapo. Yananasa mchanga, na mengine huvimbisha mpira. Ukihitaji kilainishi, tumia grisi ya silikoni.

Mdomo ukiwa mzima, twende kwenye sabuni. Changanya sehemu moja ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sehemu kumi za maji, na koroga polepole. Ukitikisa chupa utapaka povu, na povu lako litaficha viputo vya hewa inayovuja. Tumia chupa ya kupulizia au sifongo. Ligawe godoro kwa chaki katika vipande vya ukubwa wa sinia, umalize kimoja kabla ya kingine. Mpangilio mzuri ni huu: kwanza mzunguko wa mdomo, pale plastiki ya mdomo ilipounganishwa na godoro, halafu mishono ya pembeni yote, halafu pembe, na mistari godoro linapokunjwa kila mara, kisha upande wa chini, mwisho kabisa upande wa juu. Kwa godoro linalolazwa Naivasha, penye migunga, upande wa chini ndio ningeushuku zaidi. Mwiba wa mgunga hupenya turubai la hema, huchoma, kisha hubaki ndani ya turubai ukisubiri safari nyingine. Pitisha kiganja polepole kwenye sakafu ya hema yenyewe kabla hujalitumia tena, la sivyo utaziba leo na kutoboka kesho.

Tundu la mwiba hutoa kiputo kimoja kinachokua, kinapasuka, kinakua tena. Plastiki iliyochoka kwenye mkunjo hutoa ukoko mweupe wa viputo vidogo sana vilivyosongamana, na vinachukua dakika nzima kuonekana. Huo ndio uvujaji unaowapita wengi. Mulika kwa tochi iliyolazwa ubavu, si kutoka juu, na utaona kinachong'aa.

Upande wa mahameli ni mgumu kidogo kwa sababu nyuzi zake hunywa maji. Hapo zidisha sabuni, sehemu moja kwa tano, na uisugue kwa sifongo mpaka nyuzi zilale. Usilizamishe godoro zima ndani ya maji. Mahameli yakilowa yote hukauka kwa shida na kuota ukungu.

Ukipata tundu moja, usisimame. Mwiba au sindano ikipita kwenye godoro lililokunjwa hutoboa tabaka kadhaa. Panya naye akilitafuna likiwa limehifadhiwa stoo, utakuta matundu yamejipanga kwa umbali unaolingana, kila mkunjo na lake. Maliza upande mzima kwanza.

Kila tundu lizungushie duara kwa maka peni, kamwe si kwa kalamu ya kawaida yenye ncha kali. Kisha chora mistari minne mirefu inayoelekea katikati ya duara, ianzie nje ya mahali kiraka kitakapofika. Msasa na spiriti vitafuta duara, na tundu la ncha ya sindano halionekani tena hewa ikishaisha ndani. Mistari ile ndiyo itakayokurudisha. Suuza sabuni kwa maji matupu, toa upepo wote, na uache pakauke kabisa. Kuziba godoro likiwa na upepo ni kosa linalorudiwa sana: hewa inayotoka huchimba mfereji ndani ya gundi kabla haijakauka, na kiraka kinaonekana kimeshika huku njia iko wazi chini yake.

Sasa gundi, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Soluisheni ya baiskeli ni mpira ulioyeyushwa, na kazi yake ni kuungana na mpira wa tyubu. Godoro lako si mpira, ni PVC laini, na ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani ya plastiki kiwandani. Mafuta hayo hujitokeza polepole juu ya uso na kulainisha gundi isiyoyastahimili. Gundi ya njano ya mafundi viatu, ile yenye neopreni, huanza vizuri na kuharibika kwa njia hiyo hiyo baada ya wiki kadhaa. Supaglu hukauka ikawa kama kioo, na godoro linajipinda kila unapogeuka, kwa hiyo inapasuka. Gundi ya mabomba ya PVC imetengenezwa kwa mabomba magumu. Kwenye plastiki nyembamba kama hii inayeyusha kupita kiasi, inakunjamana, kisha inakauka ngumu.

Zinazofaa ni mbili. Ya kwanza ni gundi ya vinili, inayouzwa kwa ajili ya mabwawa ya watoto na maboya ya kuchezea majini. Ya pili ni gundi ya poliuretani. Fundi viatu anayebandika soli za plastiki anaweza kuwa nayo, ila soma kopo mwenyewe, na kama halitaji poliuretani iache. Pia kuna viraka vya kujibandika vya Tear-Aid, lakini chukua aina B, ambayo ndiyo ya vinili. Aina A ni ya vitambaa na plastiki nyingine. Kama una mkeka mwembamba wa kambini uliotengenezwa kwa kitambaa chenye utando wa TPU, yaani plastiki laini ya jamii ya poliuretani, mambo hugeuka: gundi ya poliuretani bado inafaa, ya vinili haifai. Na magodoro ya zamani ya kitambaa chenye mpira ndiyo pekee ambayo soluisheni ya baiskeli inayamudu.

Kwa upande wa chini, ambao ni laini, kazi ni ndogo. Ondoa mabaki ya gundi kwa ukingo wa kijiko, futa kwa spiriti, na usubiri dakika chache spiriti ipae. Asetoni iwe mbali, inaivuruga PVC. Kata kiraka cha mviringo cha PVC laini kinachozidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Kiraka chenye pembe huanza kunyanyuka kwenye pembe. Sugua kiraka na godoro kwa msasa namba 120, kidogo tu, mpaka mng'ao upotee, kisha futa vumbi kwa spiriti tena.

Kwa upande wa mahameli fanya kazi ya ziada ambayo fundi wako hakuifanya. Nyuzi zote zilizo chini ya kiraka lazima ziondoke mpaka uone plastiki tupu. Kiraka kikibandikwa juu ya nyuzi kinashika nyuzi, hakishiki godoro, na hewa hutembea kati yake kama maji kwenye utambi. Lowesha kidogo, kwangua kwa ukingo wa kisu butu, malizia kwa msasa, taratibu, maana hiyo plastiki haifiki hata milimita moja. Inachosha, na kwa sehemu ya ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa inaweza kuchukua robo saa. Usiikatishe.

Paka gundi nyembamba kwenye pande zote mbili. Kwa kiraka cha sentimita 5, tone la ukubwa wa harage linatosha. Gundi ikiwa nyingi, kiyeyusho chake kinakwama chini ya kiraka na kuendelea kulainisha plastiki. Gundi ya vinili kwa kawaida hubandikwa ikiwa mbichi. Ya poliuretani huachwa dakika 5 hadi 10 mpaka ukiigusa kwa kifundo cha kidole isinate, ndipo unabandika, na hapo hakuna kusogeza tena. Kopo likisema vinginevyo, lifuate kopo. Laza kiraka kuanzia katikati, sukuma hewa kuelekea kingoni kwa mgongo wa kijiko, kwa nguvu, dakika mbili nzima. Weka juu yake karatasi ya kuokea, ubao bapa, na mfuko wa mchele wa kilo 10. Uache saa 24. Gundi hizi zinatoa mvuke unaowaka na unaolewesha, kwa hiyo fungua madirisha na usifanye kazi hiyo karibu na jiko.

Tundu la mwiba kwenye upande laini, lisilozidi ncha ya sindano, halihitaji hata kiraka. Tone la lakiri ya poliuretani ya mishono, kama Seam Grip, lipakwe lienee ukubwa wa sarafu na liachwe likauke usiku mzima. Nyufa kuzunguka mdomo wa upepo, mahali ambapo kiraka hakilali, nazo hutibiwa hivyo hivyo, mikono miwili ya lakiri badala ya mmoja.

Mshono ni habari nyingine. Mishono ya magodoro haya imeunganishwa kwa joto kiwandani. Ikiwa unavuja sehemu isiyozidi sentimita moja, lakiri inaweza kuishika, ukiipaka ndani ya mfereji wa mshono na kuubana kwa vibanio vya nguo mpaka ikauke. Ukiwa umefunguka zaidi ya hapo, kila ukijaza utaendelea kuchanika mbele ya kiraka. Na kama godoro limetoa nundu juu, usilitafutie tundu la hiyo nundu: ni mikanda ya ndani inayoshika juu na chini imekatika, mara nyingi kwa watoto kurukaruka, na huwezi kuifikia bila kulipasua godoro lenyewe.

Baada ya saa 24 jaza nusu tu, paka sabuni kingoni mwa kiraka, kisha jaza lote na ulipime siku nzima kama mwanzo kwa kuhesabu mikanyago.

Ikikukuta kambini usiku, futa mahali pakauke, bandika tepu pana ya kitambaa, na ulale kwenye godoro lisilojazwa sana. Itakuvusha usiku mmoja au miwili. Ukirudi nyumbani bandua tepu mapema, kwa sababu gundi yake ikikaa huacha utomvu unaokataa kiraka halisi.

Kwa safari ijayo, jaza godoro mapema jioni, kisha liongeze upepo dakika chache kabla ya kulala, hewa ikiwa imeshapoa. Liwe gumu kiasi cha kidole gumba kuzama kidogo, si kama ngoma. Asubuhi, kabla jua halijapiga hema, punguza upepo. Kutoka nyuzi 13 za alfajiri hadi 35 za ndani ya hema lililoanikwa juani, hewa inataka kutanuka kwa karibu asilimia 8, na godoro lililojaa halina pa kuiweka ila kwenye mishono. Chini yake tandika mkeka mzito au blanketi kuukuu.

Kuhusu kununua lingine: nunua kama mshono umefunguka, kama nundu imetoka, au kama plastiki imekauka na kutoa ule ukoko wa viputo kwenye mikunjo mingi. Hata hivyo la zamani usilitupe. Upande wake wa chini ukikatwa vipande vya mviringo ndio malighafi bora ya viraka kwa jipya, maadamu nalo ni la PVC.